Shule ya Majani: Safari ya Morogoro na Kongwa

Tukisikia habari za Chuo Kikuu, wengi wetu huwaza udaktari, sheria, ualimu au uinjinia. Ni wachache wanaojua ya kuwa kuna vijana, wanaume kwa wanawake, wanaotumia miaka yao ya chuo kikuu kujifunza habari za majani: yanavyoota, yanavyoliwa, yanavyokufa, na jinsi ya kuyatunza ili ng'ombe na watu wapate kuishi pamoja. Elimu hiyo huitwa elimu ya nyanda za malisho. Tulitaka kuijua, na kwa hiyo tulifunga safari mpaka Morogoro, katika nchi ya Tanzania.

Njia ya kwenda huko si ngeni kwa watu wa upande wetu. Msafiri huvuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, kisha hufuata ile reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ni mwendo wa kilometa zaidi ya 1,000. Kwanza hupita katika misitu ya miombo ya Tabora, ambako nyuki ni wengi na ng'ombe si wengi, kwa sababu ya mbung'o. Kisha huingia katika nchi ya Wagogo, nchi kavu yenye mibuyu mikubwa na vichaka vya miiba, na hapo makundi ya ng'ombe huonekana kila upande. Baada ya Kilosa nchi hushuka katika uwanda wa Mkata. Mwisho milima ya Uluguru husimama mbele, myeusi kwa misitu yake. Chini ya milima hiyo ndipo ulipo mji wa Morogoro.

CHUO NA JINA LAKE

Chuo tulichokiendea huitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo cha kawaida. Mwaka 1969 kikawa kitivo cha chuo kikuu. Na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Jina lake ni la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania, aliyefariki katika ajali ya motokari tarehe 12 Aprili 1984, karibu na Morogoro, alipokuwa akitoka Dodoma. Sokoine alikuwa Mmaasai wa Monduli, mwana wa wafugaji. Inafaa basi kwamba katika chuo chenye jina lake, elimu ya malisho ipewe nafasi yake na shahada yake.

Tusidhani kuwa jambo hili ni dogo. Wataalamu waliochora ramani ya malisho ya dunia mwaka 2021 walihesabu kwamba sehemu 54 katika kila 100 za nchi kavu ni nyanda za malisho: mbuga, nyika, jangwa lenye vichaka, na nyasi za milimani. Katika Tanzania peke yake kuna ng'ombe zaidi ya milioni 30. Umoja wa Mataifa nao, kwa azimio la mwaka 2022, uliutenga mwaka 2026 kuwa mwaka wa nyanda za malisho na wafugaji.

HESABU YA MAJANI

Mwanafunzi wa elimu hii huanza kwa kujifunza majina. Mtu asiyejua huona majani tu. Yeye hupaswa kutambua ukoka unaotambaa chini, majani marefu ya bondeni, mimea ya jamii ya kunde inayorutubisha udongo, na magugu ambayo ng'ombe huyakataa. Hupaswa kujua ni yapi hudumu mwaka hata mwaka, na ni yapi huota kwa mvua moja na kufa. Kwa maana mahali palipolishwa kupita kiasi, majani mazuri hutoweka kwanza, na yasiyofaa hushika nafasi yake. Mwenye macho yaliyofundishwa husoma habari hiyo miaka mingi kabla ng'ombe hawajakonda.

Tena hujifunza jinsi jani linavyoishi. Majani mengi ya malisho hukua kutoka chini, karibu na udongo. Ndiyo maana huweza kuliwa na kuota tena. Lakini jani ndilo linaloilisha mizizi. Likikatwa tena na tena bila kupumzika, mizizi hufupika, na siku ya kiangazi mmea hauwezi tena kuyafikia maji. Mchungaji huona juu tu ya ardhi, na hali maradhi yameanzia chini.

Kisha huja kazi ya kupima. Wanafunzi huchukua fremu ya mraba, huitupa mahali mbalimbali katika malisho, hukata majani yote yaliyomo ndani yake, huyakausha katika tanuri na kuyapima katika mizani. Kwa njia hiyo hujua hektari moja imezaa kilo ngapi za majani makavu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ni la majani.

Tufanye hesabu moja pamoja, nanyi wanafunzi chukueni kalamu zenu. Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku majani makavu yapatayo sehemu mbili na nusu katika mia za uzito wake, yaani kilo 6 na robo. Kwa mwaka mzima ni kilo 2,281. Sasa tuseme hektari moja imezaa kilo 2,000. Je, twaweza kumpa zote? Hapana. Nusu yapasa ibaki, iufunike udongo na kuihifadhi mizizi. Zinabaki kilo 1,000. Basi ng'ombe mmoja anahitaji karibu hektari mbili na theluthi moja, na ng'ombe mia wanahitaji hektari 228. Lakini mwaka wa ukame, hektari ile ile ikizaa kilo 800 tu, ng'ombe wale mia watahitaji hektari 570. Hawakuongezeka hata mmoja, lakini nchi yao imekuwa ndogo. Katika hesabu hii fupi mna chanzo cha magomvi mengi tunayoyasikia.

SOMO LA KONGWA

Kutoka Morogoro twende upande wa magharibi, mpaka Kongwa katika mkoa wa Dodoma. Wanafunzi wa malisho hupajua mahali hapa, kwa kuwa pana kituo cha serikali cha uchunguzi wa malisho, na shamba kubwa la ng'ombe. Lakini Kongwa ina historia nyingine, nayo yafaa kusimuliwa.

Baada ya vita kuu ya pili, Waingereza walikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wakubwa wa biashara waliishauri serikali yao ilime karanga katika Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa. Waliletwa watu, matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa vichaka. Lakini vichaka vilikuwa vigumu, na mizizi yake ilivunja mashine. Udongo ulikuwa na mchanga mkali uliokula majembe. Na mvua zilipokwisha, ulikauka ukawa kama saruji, karanga zisiweze kung'olewa. Mvua nayo haikufuata mipango ya watu wa ofisini. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na fedha zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Wagogo walikuwako mahali hapo muda wote, pamoja na ng'ombe wao. Walijua kwamba mvua yao ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwamba mara nyingi hukatika katikati. Walijua kwa nini babu zao walitegemea mifugo pamoja na uwele na mtama. Kama wangaliulizwa kwanza, hasara ile huenda isingalikuwa kubwa hivyo. Nchi ile haikuwa tupu wala haikuwa ya bure. Ilikuwa nchi ya majani.

Na majani yake yana sifa. Kuna namna moja ambayo wataalamu huiita kwa Kilatini Cenchrus ciliaris. Huvumilia ukame, na ng'ombe huipenda. Mbegu zake zilichukuliwa Dodoma zikapelekwa mpaka Australia, na tangu mwaka 1955 zilianza kutolewa kwa wafugaji wa huko kwa jina la Biloela. Hivyo mali iliyodharauliwa nyumbani hunenepesha ng'ombe wa ng'ambo.

KONDOA NA SHINYANGA

Kaskazini ya Dodoma kuna milima ya Kondoa. Watu waliopita huko zamani walistaajabu kuona makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji ya mvua, mengine yakiweza kuimeza nyumba nzima. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kazi ya kuhifadhi ardhi ya mkoa. Mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote itolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Mifugo kama 90,000 iliondolewa. Baada ya miaka michache majani yaliota tena na miti ikarudi, hata makorongo mengi yakatulia. Nchi ilipona. Lakini mwenye ng'ombe alikosa maziwa ya watoto wake, mbolea ya shamba lake, na akiba yake ya siku ya shida. Wengine walipeleka makundi yao kwa jamaa wa mbali, na mzigo ukahamia kwa nchi nyingine. Baadaye wenyeji waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini.

Shinyanga, nchi ya Wasukuma, walifuata njia nyingine. Huko vichaka vilikuwa vimefyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, mpaka nchi ikabaki uchi. Lakini Wasukuma walikuwa na desturi ya kale iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hufunga sehemu moja ya malisho; hakuna mnyama anayeruhusiwa kuingia. Majani hukua na kukauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kinapokuwa kikali, sehemu ile hufunguliwa kwa ndama, kwa maksai wa kulimia na kwa ng'ombe wadhaifu. Akiba haiozi, nao waliijua methali hiyo kwa matendo.

Watu walipohamishiwa katika vijiji vipya miaka ya 1970, ngitili nyingi zilikufa. Mwaka 1986 serikali ilianza kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, nayo ikadumu hata mwaka 2004. Mwanzoni wakubwa walileta miche ya miti ya kigeni. Baadaye waliona kwamba dawa ilikuwa mikononi mwa wazee. Wakawasaidia kufufua ngitili. Katika miaka ile, hektari zaidi ya 300,000 zilirudishwa, katika vijiji zaidi ya 800. Pamoja na majani zilirudi kuni, asali, dawa za mitishamba na majani ya kuezekea nyumba, na akina mama wakapunguziwa safari za mbali.

Wanafunzi wa Morogoro wanaweza kuzilinganisha kazi hizi mbili. Katika Kondoa ardhi iliokolewa kwa amri. Katika Shinyanga iliokolewa kwa mapatano. Zote mbili zilileta majani. Lakini ya pili ilimwachia mfugaji ng'ombe wake na heshima yake.

WATAALAMU NAO HUBISHANA

Elimu hii haikutoka mbinguni ikiwa kamili. Mwaka 1916 mtaalamu wa Marekani, Frederic Clements, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba mimea ya mahali hufuatana kwa hatua, toka udongo mtupu mpaka hali yake kamili. Kwa fundisho hilo mabwana mifugo wengi walisadiki kwamba dawa ya malisho ni moja tu: punguza ng'ombe, nayo nchi itapanda ngazi yenyewe. Waliileta dawa hiyo Afrika, wakashangaa wafugaji walipoikataa.

Mwaka 1988 wataalamu wawili, James Ellis na David Swift, waliandika waliyoyaona katika Turkana, kaskazini ya Kenya. Huko mvua hukosekana mara kwa mara, na ukame huua mifugo kabla haijafikia wingi wa kuweza kuiharibu nchi. Mturuki wa nchi ile si ng'ombe, ni mvua. Mahali kama hapo, mfugaji anayehama na kundi lake, anayechanganya ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mwenye marafiki wa kumwazima mifugo baada ya msiba, hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafuata majani yalipo.

Maneno hayo hayakuifuta ile hesabu tuliyoifanya. Mahali penye mvua ya kutegemewa, na hasa palipozungushiwa seng'enge, hesabu ni ya lazima. Lakini mwanafunzi mwenye akili huuliza kwanza: Mvua ya hapa ikoje? Ardhi ni ya nani? Njia za kuhamia ziko wazi, au zimefungwa? Ndipo hutoa kalamu.

DAMU YA KILOSA

Mambo haya si ya darasani tu. Ile reli iliyotuleta hupita Kilosa, wilaya ya mkoa huo huo wa Morogoro. Huko wakulima na wafugaji wamegombana miaka mingi juu ya mabonde yenye maji. Kiangazi mfugaji huyataka kwa ng'ombe; mkulima naye huyataka kwa mpunga na mahindi. Mwezi wa Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa namna hiyo uliishia katika mauaji. Watu zaidi ya 30 walikufa kwa siku moja, wakiwamo wanawake na watoto. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini hapa watu ndio walioumia kwa ajili ya nyasi.

Wanafunzi wa malisho hufundishwa kwa sababu hiyo kukaa na watu, sio kupima majani tu. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuigawa ardhi yake: hapa mashamba, hapa nyumba, hapa malisho, hapa njia ya ng'ombe kwenda majini. Lakini mvua haijui mipaka ya vijiji. Ndiyo maana katika wilaya ya Kiteto vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliungana, vikatenga malisho ya shirika, vikayaita OLENGAPA, jina lililounganishwa kwa vipande vya majina yao. Kupata mapatano ya namna hiyo kwataka vikao vingi, ramani, mashahidi na uvumilivu. Yakutosha kujiuliza: ni nani atakayeongoza kikao kama hicho, asikiwe na mkulima, asikiwe na mfugaji, na awe na hesabu mkononi? Hiyo ndiyo kazi ya kijana aliyesoma elimu hii.

NA KWETU JE?

Tuliporudi tulitafakari habari za nchi yetu. Kongo sio msitu tu. Katika Ituri kuna vilima vya majani, na huko Nioka serikali ya zamani iliweka kituo cha uchunguzi wa ng'ombe na malisho. Masisi ina malisho ya milimani ya kijani mwaka mzima. Makundi yake yalinyang'anywa na kuchinjwa katika vita vya miaka ya 1990 na baada yake. Uwanda wa Ruzizi una ng'ombe na mashamba bega kwa bega. Na katika Djugu, ugomvi wa ardhi ulikuwa moja ya cheche zilizowasha vita vya mwaka 1999, vilivyoua maelfu ya watu. Hatuwezi kusema kwamba habari za Kilosa ni za wengine.

Vyuo vyetu navyo vipo. Lubumbashi hufundisha utabibu wa mifugo. Bukavu na Kisangani hufundisha kilimo. Lakini tabibu wa mifugo humponya ng'ombe aliye mgonjwa, na injenia wa kilimo huitazama mimea ya shambani. Ni lazima wawepo na wale watakaoitazama nchi yenyewe, anamokula ng'ombe kabla hajawa mgonjwa na kabla hajaingia katika shamba la jirani.

Twajua wanayosema baadhi ya wazazi: Nimeuza ng'ombe ili mtoto asome aache zizi, naye arudi na shahada ya majani? Tuwajibu kwa upole. Mtoto huyo hatarudi zizini kama alivyotoka. Atakuja akijua kwa nini malisho ya babu yake yamekuwa magugu, na njia ya kuyarudisha. Atawauliza wazee desturi zao za kufunga na kufungua malisho, aziandike kabla hazijazikwa pamoja nao. Na siku ambayo vijiji viwili vitakaposhika mapanga kwa ajili ya bonde moja, huenda yeye akaweza kusimama katikati na ramani yake, wakamsikiliza.

Ninyi wanafunzi, mnaopita kila asubuhi kando ya malisho mkienda shuleni, simameni siku moja mtazame chini. Hesabuni ni namna ngapi za majani mnazoziona, ni zipi zimeliwa na ni zipi zimeachwa. Waulizeni wachungaji majina yake kwa lugha ya kwenu, myaandike katika daftari. Somo la kwanza la Morogoro ni hilo, na halihitaji nauli.